Risasi ya Vita kwa Mnyama wa Kitoweo

Katika bendera ya Msumbiji, jirani zetu wa ng'ambo ya Mto Ruvuma, imo picha ya kitabu, jembe na bunduki aina ya Kalashnikov. Bunduki hiyo imewekwa humo kwa heshima, kwani ni miongoni mwa silaha zilizobebwa na wapigania uhuru hadi utawala wa Wareno ulipokoma mwaka 1975. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu kazi nyingine ambayo bunduki ya namna hiyo ilifanyishwa baadaye: kazi ya kutafuta kitoweo porini. Tunazungumza hasa na ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa wao ndio waliokabidhiwa silaha za aina hiyo.

Kuanzia mwaka 1977 hadi mapatano ya Roma ya Oktoba 1992, Msumbiji ilikuwa katika vita vya ndani. Hifadhi ya Taifa ya Gorongosa, iliyoko katika jimbo la Sofala, ikawa uwanja wa mapigano. Makao yake ya Chitengo yalishambuliwa mwaka 1981, na mwaka 1983 hifadhi ikafungwa. Kabla ya vita palikuwapo nyati wapatao 14,000 na tembo zaidi ya 2,000. Vita vilipokwisha, nyati waliosalia hawakufika hata 100, na wanyama wakubwa kwa jumla walikuwa wamepungua kwa zaidi ya asilimia 90.

Tembo waliuawa kwa ajili ya pembe. Lakini tohe, ngiri, pongo na taya waliuawa kwa ajili ya sufuria, na waliuawa kwa bunduki ile ile ya vita. Wapiganaji wa pande zote mbili walikuwa na njaa, na mtu mwenye njaa hachagui chombo. Hata hivyo, yafaa tueleze kwa nini chombo hicho hakifai kwa kazi hiyo.

Risasi ya Kalashnikov ina uzito wa gramu 8 hivi, nayo hutoka mtutuni kwa mwendo wa zaidi ya mita 700 kwa sekunde. Nguvu yake ni zaidi ya mara 10 ya nguvu ya risasi ndogo ya pointi 22, ambayo wawindaji huitumia kwa sungura na ndege. Taya ni swala mdogo ambaye kwa kawaida hazidi kilo 20. Kwa hiyo mtu aweza kudhani kwamba risasi yenye nguvu kiasi hicho itamwangusha papo hapo. Sivyo ilivyo mara zote.

Sababu imo katika namna risasi yenyewe ilivyotengenezwa. Tangu Azimio la The Hague la mwaka 1899, majeshi yamekatazwa kutumia vitani risasi zinazotanuka ndani ya mwili wa binadamu. Ndiyo maana risasi ya jeshi imevikwa ganda gumu. Ile ya Kalashnikov ya kawaida hupenya mwilini kiasi cha sentimita 25 kabla ya kuanza kupinduka. Kifua cha taya ni chembamba kuliko kipimo hicho. Isipogusa mfupa, basi risasi huingia upande huu na kutokea upande wa pili ikiacha tundu dogo, na mnyama hukimbia nalo hadi kichakani, akafie huko baada ya saa kadhaa, asipatikane na mtu. Ikigusa mfupa, mfupa husagika na nyama hujaa vipande vyake. Mwindaji anayejua kazi yake huchagua risasi ya kuishia ndani ya mnyama, na bunduki inayolingana na ukubwa wa mnyama huyo.

Licha ya hayo, risasi iliyompita mnyama bado ina safari. Ikielekezwa juu kidogo, yaweza kwenda zaidi ya kilomita 2. Katika umbali huo huenda kuna shamba, kisima au mtoto achungaye mbuzi. Aliyefyatua hatajua kamwe alimpiga nani.

Na silaha ikiwekwa katika kufyatua mfululizo, mtutu hupanda juu. Risasi ya kwanza yaweza kumpata yule aliyelengwa. Zinazofuata huwajeruhi wengine katika kundi. Kwa sababu hiyo, Mkataba wa Afrika wa Kuhifadhi Maumbile, uliotiwa sahihi mjini Algiers mwaka 1968, ulikataza kuwinda kwa silaha inayotoa risasi zaidi ya moja kila kifyatulio kivutwapo.

Haingekuwa haki kuwalaumu Wamsumbiji peke yao. Katika Uganda, baada ya kuanguka kwa Idi Amin mwezi Aprili 1979, wanyama wa hifadhi za taifa waliangamizwa kwa bunduki za vita na watu wa namna nyingi wenye silaha, na baadhi ya askari wetu wenyewe walishiriki. Jeshi lililovuka mpaka kwa kazi ya heshima halikustahili kuachiwa doa hilo.

Kwa askari wa polisi, hapa pana funzo la pekee. Bunduki iliyozoea kuwinda hairudi ghalani kwa hiari vita vinapokwisha. Leo inatafuta swala. Kesho inasimamisha basi barabarani. Msumbiji ililitambua jambo hilo, na kuanzia mwaka 1995 polisi wake na wale wa Afrika ya Kusini walifanya operesheni za pamoja, zilizoitwa Rachel, wakifukua maficho ya silaha na kuziharibu.

Pori nalo limejibu. Hesabu ya mwaka 2018 katika Gorongosa ilionyesha kuro zaidi ya 50,000, na tohe pia wameongezeka sana. Nyati na tembo wanarudi polepole zaidi.

Kila risasi iliyomo katika ghala ya silaha imeandikwa kitabuni, na imenunuliwa kwa jasho la mkulima. Askari aliye na njaa anayo haki ya kudai posho yake kwa mkuu wake, na mkuu anao wajibu wa kuitafuta. Pale ambapo posho haifiki na mkuu akanyamaza, ndipo bunduki ya Taifa inapogeuka kuwa chombo cha jikoni, na kuanzia siku hiyo mkuu huyo hawezi tena kusema kwa hakika risasi zake zimekwenda wapi.