Kabla Ulipe Dipoziti, Cheki Jikoni: Hivi Ndivyo Unachagua Kicheni Inayokufaa

Msee akienda kusaka keja Nairobi, maswali huwa ni yale yale. Kodi ni ngapi? Maji huja siku gani? Stima ni ya tokeni? Waifai inashika? Karetaka anajibu, unachungulia choo, unafungua bedruum, unatoka. Jikoni unapitisha macho tu. Ukiona sinki na taili safi, unasema hapo ni fiti.

Halafu unahamia. Wiki ya pili unashtuka omena uliyokaanga jana ndiyo marashi ya shati unayovaa leo kazini. Mtungi wa gesi hauna pa kukaa. Friji imeziba nusu ya mlango. Na hapo dipoziti imeshaenda, mkataba umeshasaini, na ganji ya kuhama tena huna.

Jikoni ndiyo sehemu yenye moto, maji, stima na visu, vyote vimebanana kwa nafasi ndogo kuliko zote kwa nyumba. Ikikosewa, unalipa kwa pesa, kwa mgongo, na siku mbaya unalipa kwa maisha. Kwa hivyo cheki hii rada kabla utoe doo.

Anza na sufuria yako

Usianze na picha umeona Instagram. Anza na kile unapika kweli kweli.

Ka wewe ni msee wa chai, mayai na tambi, kaunta ndogo na sinki zinakutosha. Ka wewe ni wa kuchemsha madondo na githeri Jumapili ili ule wiki nzima, unahitaji pa kuweka sufuria kubwa na friji ya kuhifadhi. Ka unapenda chapo, unahitaji kaunta ndefu ya kusukuma, bila kubandua vyombo kila saa. Na ka huwezi kumaliza wiki bila samaki wa kukaanga, matumbo ama omena, jambo la kwanza kwako ni hewa. Kaunta na kabati zije baadaye.

Piga hesabu kidogo. Kicheni ikikushinda, utaanza kula kwa kibandaski kila jioni. Sapa ya soo mbili kwa siku 30 ni ngiri sita. Hiyo unaongeza juu ya kodi, na bado unalipia kicheni ambayo hupiki.

Kona, wazi ama ya kufungwa?

Makeja mengi ya mtaani yana aina tatu.

Ya kwanza ni kona ya bedsita. Sinki, slebu fupi, na kitanda kiko hatua chache kutoka kwa moto. Uzuri wake ni kodi ya chini na kazi kidogo ya kusafisha. Ubaya ni kwamba mvuke na harufu ya mafuta vinalala na wewe. Hapa dirisha ndilo kila kitu. Liwe karibu na kona ya kupikia, na lifunguke kweli. Ka karetaka anasema lilikwama tu juzi, mwambie alifungue ukiwa hapo.

Ya pili ni kicheni ya wazi, ile imeungana na sebule. Hii ndiyo ile kila mtu anataka siku hizi. Inafanya nyumba ndogo ionekane kubwa, na unaweza kupika ukipiga stori na wageni ama ukicheki mpira. Lakini haina siri. Vyombo vichafu viko kwa macho ya kila mgeni, blenda inanguruma juu ya TV, na moshi wa kukaanga unaingia kwa viti na mapazia. Inamfaa msee wa kuchemsha na kupasha. Ka unakaanga kila siku, fikiria mara mbili.

Ya tatu ni kicheni ya kufungwa, yenye mlango na dirisha lake. Haionekani ya kisasa sana, lakini kwa vile wengi wetu tunapika, ndiyo inashinda. Unakaanga, unafunga mlango, sebule inabaki na amani. Ikiwa na kayadi kadogo ka nyuma ka kufulia, umeomoka. Hapo ndipo mtungi mkubwa wa gesi na mitungi ya maji vinaweza kukaa.

Mpangilio: mguu wako ndio kipimo

Usidhani kicheni ndogo lazima iwe mbaya. Mwaka 1926, msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alichora kicheni ya nyumba za bei nafuu za jiji la Frankfurt, Ujerumani. Ilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 hivi. Alihesabu hatua za mpishi, akaazima wazo kutoka kwa kicheni za behewa za treni, na karibu nyumba 10,000 zikawekewa. Kabati na kaunta za kisasa unazoona leo zimetoka kwa fikira hiyo.

Wapangaji wa nyumba wakaja na kipimo kingine, cha pembetatu. Pembe moja ni sinki, ya pili ni moto, ya tatu ni friji. Ukijumlisha pande zote tatu, zinafaa kuwa kati ya mita 4 na 8. Zikizidi, unatembea ka uko sokoni. Zikipungua, unajigonga kila ukigeuka.

Sasa cheki mipangilio yenyewe:

Mstari mmoja. Kila kitu kiko kwa ukuta mmoja. Ndiyo utapata kwa bedsita nyingi. Hakuna pembetatu hapa, kwa hivyo muhimu ni mfuatano: friji, sinki, kaunta ya kukatia, kisha moto. Kosa kubwa ni sinki na moto kubanana bila hata slebu ya kuweka ubao wa kukatia.

Korido. Kaunta mbili zinatazamana na njia iko katikati. Kwa mpishi mmoja hii ni noma, kwa maana nzuri. Unageuka tu, kila kitu kiko mkononi. Njia ya katikati iwe mita 1 hadi 1.2. Ikiwa chini ya hapo, ukifungua kabati huwezi kupita.

Herufi L. Kuta mbili zinazokutana. Inafaa kicheni ya wazi na hata chumba kidogo cha mraba. Kona ndiyo shida, kwa sababu vitu vinapotelea huko nyuma ya kabati.

Herufi U. Kuta tatu, kabati tele, kaunta tele. Ni ya nyumba ya familia. Kwa chumba chembamba usijaribu, utahisi umefungiwa.

Kisiwa. Ile kaunta ya katikati yenye viti virefu. Inapendeza kwa picha, lakini inahitaji angalau mita moja ya kupitia kila upande. Ka fundi anakuambia itaingia tu, mpe tepu apime mbele yako.

Urefu wa kaunta na siasa ya ugali

Kaunta nyingi zina urefu wa sentimita 90 hivi. Kupima ka inakufaa ni rahisi. Simama wima, kunja kiwiko. Kaunta iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Ukilazimika kuinama kukata sukuma, mgongo utakuambia.

Lakini kuna kitu vitabu vya kicheni za ng'ambo havisemi: ugali husongwa kwa nguvu kutoka juu. Ukiweka kale kamtungi ka kilo 6 kenye bana kichwani juu ya kaunta, sufuria itafika karibu na kidevu. Huwezi kusonga sembe hivyo, na sufuria ikipinduka, uji wa moto unakujia kifuani. Mtungi wa aina hiyo ukae chini, mahali pa sawa na imara, ama juu ya kimeza kifupi kisichotikisika. Kaunta iachie jiko la mezani linalotumia paipu.

Hewa na gesi, hapa hakuna mchezo

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu, inashuka na kutanda sakafuni. Ndiyo maana dirisha la juu pekee halitoshi. Tafuta mlango wa nje ama tundu la hewa la chini. Mtungi usimame wima kila wakati, na usifichwe kwa kabati lisilo na matundu. Paipu isipite nyuma ya moto, na ikianza kupasuka badilisha.

Kucheki ka inavuja, paka povu la sabuni kwa regyuleta na paipu. Mapovu yakivimba, kuna tobo. Usijaribu na kiberiti. Na ukiingia nyumbani upate harufu ya gesi, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua mlango na madirisha, toka nje.

Makaa nayo ina hatari yake. Baridi ya Julai ikishika, wasee huingiza jiko ndani na kufunga madirisha ili wapate joto. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Unasinzia, na huamki tena. Kona ya bedsita si mahali pa jiko la makaa, hata kwa dakika chache kabla ya kulala.

Na stima? Hesabu soketi. Ekstensheni moja ikibeba koili, birika na friji, itachemka kabla ya madondo. Soketi pia isiwe mahali maji ya sinki yanaweza kuirukia.

Dakika kumi za kumsumbua karetaka

Ukienda kucheki keja, beba tepu ya fundi ama tumia simu. Pima pengo la friji, kisha uhakikishe mlango wa friji utafunguka wote. Fungua bomba uone maji yana nguvu, na uchungulie chini ya sinki ka kuna unyevu. Fungua kila kabati. Uliza mtungi wa gesi hukaa wapi. Tafuta pa kuweka mitungi miwili ya lita 20, kwa sababu maji yatapotea tu siku moja. Simama mahali utapikia, nyosha mikono, ujifanye unasonga ugali. Karetaka atakucheka. Mwache acheke, yeye hatapikia hapo.

Ukipata kasoro, sema kabla ya kulipa. Dirisha lililokwama, soketi iliyolegea, shelfu iliyokosekana, hivyo vyote mwenye nyumba hurekebisha haraka akiwa bado anakutafuta. Akishapokea dipoziti, simu yake inaanza kuwa na mtandao mbaya.