Ng'ombe Hawezi Majani

Ng'ombe akichinjwa msibani huku Katumba Songwe, kama kwingine Kyela, mara nyingi kazi ya kusafisha matumbo huwaangukia vijana. Wakilipasua tumbo kubwa humwagika majani yaliyosagika nusu, ya moto, yenye harufu ya uchachu, ndoo kwa ndoo. Pembeni paka anangoja kipande cha nyama. Tumboni mwa paka hamna shehena ya namna hiyo: ana kifuko kimoja kidogo na utumbo wa kama mara 4 ya urefu wa mwili wake. Wa ng'ombe hufika mara 20 hivi.

Wengi wetu tumezoea kusema ng'ombe ana tumbo lenye nguvu ya kuyeyusha majani. Sivyo. Ng'ombe hawezi majani. Ukuta wa jani umejengwa kwa selulosi, na mwili wa ng'ombe, sawa na wa paka na wetu sisi, hautengenezi kimeng'enya cha kuivunja. Wanaoivunja ni bakteria, protozoa na kuvu waliojaa katika tumbo la kwanza kati ya manne, lile kubwa. Kazi ya ng'ombe ni kuwafuga. Anawaletea majani, anayacheua kwa saa 6 hadi 8 kila siku ili yalainike, anawapa joto la nyuzi 39 hivi, na anawamiminia mate yanayotuliza ukali wa asidi; ng'ombe mkubwa wa maziwa hutoa zaidi ya lita 100 za mate kwa siku.

Nao humlipa. Asidi wanazotoa wakichachusha majani hupenya ukuta wa tumbo na kuingia damuni, na humpa takriban asilimia 70 ya nguvu zake. Gesi hutoka kwa mbweu. Kisha viumbe hao wenyewe husukumwa pamoja na chakula, wakapita tumbo la pili na la tatu, lile lenye kurasa kama kitabu, hadi la nne. Hilo la nne ndilo ndugu wa tumbo la paka: lina asidi kali, na humo viumbe hao huyeyushwa. Basi huyu tunayemwita mla majani hupata protini yake nyingi kwa kula viumbe aliowafuga.

Ukilijua hilo, utamtazama kwa jicho jingine ng'ombe aliyefungwa kwenye jaruba baada ya mavuno. Mpunga hunyonya silika kwa wingi, ndiyo maana jani lake hukata mkono, na silika hiyo huwazuia bakteria kulifikia bua vizuri. Ng'ombe anaweza kujaza tumbo kwa mabua na bado akakonda, kwa sababu waliomo ndani wana njaa. Akiongezewa marando ya viazi vitamu au majani ya mikunde, bakteria hupata naitrojeni, wakaongezeka, na hata yale mabua yakavunjika vizuri zaidi.

Hatari iko upande wa pili. Ng'ombe akikata kamba usiku akaingia kwenye mpunga uliopurwa, wanga huchachuka kwa kasi kuliko mate yanavyoweza kutuliza. Asidi hupanda, bakteria wa majani hufa, tumbo husimama, na mnyama anaweza kufa akiwa ameshiba. Nasikitika kila nikisikia mfugaji akidhani nafaka nyingi ya ghafla ni zawadi.

Ziwani nako mambo ni hayo hayo. Kiboko, anayetoka usiku kula nyasi zipatazo kilo 40, huzichachusha katika tumbo lenye vyumba 3, ila hacheui. Chakula hukaa humo siku kadhaa. Fisi maji anakula samaki, utumbo wake hauna hata kile kifuko cha pembeni ambacho sungura hukitegemea kuchachushia majani, na baada ya saa chache mabaki yameshatoka.

Lakini anayenivutia kuliko wote ni ndama. Huzaliwa tumbo lake la nne likiwa ndilo kubwa, na maziwa hupita kwenye mfereji maalumu yasiguse lile la kwanza. Siku hizo anasaga chakula kama paka. Kisha mama humlamba, yeye hunusa udongo, huonja jani moja, na bakteria huingia. Baada ya wiki mbili tatu utamkuta amelala kivulini chini ya mgomba, taya likienda taratibu: ameanza kucheua.