Sanamu ya Askari na majina yaliyobaki Rufiji

Sanamu ya Askari, iliyopo makutano ya Mtaa wa Samora na Azikiwe katikati ya Dar es Salaam, ilizinduliwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wapiganaji na wapagazi. Mamlaka iliyoisimamisha ni Tume ya Makaburi ya Vita ya Himaya ya Uingereza. Umbo lake, yaani mtu mmoja wa shaba nyeusi asiye na jina juu ya nguzo ya mawe, halikutokana na kipaji cha mchongaji peke yake. Lilitokana pia na uamuzi wa ofisini kuhusu nani aandikwe na nani asiandikwe. Wengi kati ya waliokosa kuandikwa walikufa katika bonde la Rufiji na njia za kuliendea, kwenye pori ambalo leo linaanzia kilomita chache tu kutoka kijiji cha Mloka.

Sanamu iliyotangulia

Dar es Salaam ilijua sanamu za kijeshi kabla ya Waingereza. Wajerumani walikuwa wamesimamisha mjini humo sanamu ya Hermann von Wissmann, kamanda aliyezima upinzani wa Abushiri pwani mwaka 1889 na baadaye akawa gavana. Mchongaji wake, Adolf Kürle, alimweka Wissmann juu kabisa. Chini, kwenye kitako, aliweka askari wa Kiafrika anayeinua macho kumtazama bwana wake huku akimfunika simba aliyekufa kwa bendera ya Ujerumani.

Baada ya kuitwaa Dar es Salaam Septemba 1916, Waingereza waliing'oa sanamu hiyo na kuisafirisha Uingereza. Baadaye ilirudi Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Wanafunzi waliiangusha mwaka 1967, ikainuliwa, wakaiangusha tena mwaka 1968. Safari hiyo haikurudishwa.

Vita vya kichwani na begani

Baada ya kupoteza bandari na reli ya kati, jeshi la Wajerumani chini ya Paul von Lettow-Vorbeck lilirudi kusini na kujikinga nyuma ya Mto Rufiji. Mto huo ulikuwa umeshaonja vita. Tarehe 11 Julai 1915 manowari ya Königsberg ilimalizwa deltani, na mizinga yake 10 ikaopolewa na kuvutwa nchi kavu ili iendelee kupiga.

Januari 1917 majeshi ya Uingereza yalisonga mbele kuufuata mto. Tarehe 4 mwezi huo, kwenye mapigano ya Beho Beho, aliuawa Kapteni Frederick Selous, mwindaji na mwandishi aliyejiunga na jeshi akiwa mzee wa zaidi ya miaka 60. Wanajeshi wakavuka Rufiji, kisha masika yakawakuta huko. Mvua za mwaka huo zilikuwa kubwa kuliko kawaida, mto ukafurika na barabara zikageuka matope. Magari yalikwama. Farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikuwa wakiangamizwa na mbung'o. Chakula na risasi zilizoshushwa kwenye reli huko Mikese, karibu na Morogoro, zilipaswa kufika mtoni juu ya vichwa vya watu.

Hesabu ya upagazi ilikuwa mbaya tangu mwanzo. Mpagazi mmoja alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, naye alihitaji posho kila siku. Kadiri njia ilivyorefuka, ndivyo wapagazi walivyokula sehemu kubwa zaidi ya kile walichobeba, ikabidi watafutwe wapagazi wengine wa kuwabebea wapagazi. Ndiyo maana Uingereza iliishia kuandikisha Waafrika wapatao milioni moja kwa kazi hiyo katika vita vya Afrika Mashariki, wengi wao kwa kulazimishwa. Posho ilipopunguzwa, kuhara damu, kichomi na malaria vilifanya kazi ambayo risasi haikuifanya. Kwa hesabu za serikali yenyewe, vifo vya wapagazi vilikaribia laki moja.

Uamuzi wa kutoandika majina

Tume ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917 ikiwa na kanuni iliyosifiwa sana: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, kwenye jiwe la kaburi au kwenye ukuta wa kumbukumbu, bila kujali cheo, kabila wala dini. Huko Ufaransa na Ubelgiji kanuni hiyo ilifuatwa kwa uangalifu mkubwa.

Afrika Mashariki ikawekwa kando. Maofisa wa Tume na wa serikali za makoloni walikubaliana kwamba Waafrika hawangehitaji jiwe la kaburi wala jina ukutani. Sanamu chache mijini zingewatosha wote kwa pamoja. Horace Byatt, gavana wa kwanza Mwingereza wa Tanganyika, alitoa maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori haraka iwezekanavyo. Ndivyo ilivyokuwa.

Tume ilimpa kazi mchongaji mmoja Mwingereza, James Alexander Stevenson, atengeneze kumbukumbu za miji mitatu. Nairobi ilipewa watu watatu waliosimama pamoja, akiwemo mpagazi. Mombasa ilipewa wanne. Dar es Salaam ilipewa mmoja.

Kutoka udongo hadi shaba

Sanamu za aina hii huanza kwa udongo. Mchongaji hufinyanga umbo zima, kila mkunjo wa nguo na kila mshipa wa mkono, kisha hutengenezwa kalibu yake. Shaba na bati huyeyushwa pamoja na kumiminwa ndani ya kalibu ili sanamu iwe na kuta nyembamba na tumbo wazi. Vipande hupozwa, huungwa na kusuguliwa hadi viungo visionekane. Sanamu ya Dar es Salaam ilisubuliwa na kiwanda cha Morris huko Westminster, London. Kabla ya kupakiwa melini ilionyeshwa kwenye maonyesho ya Akademia ya Kifalme ya Sanaa, ikapokewa vizuri na wahakiki.

Stevenson hakumchonga askari akiwa amesimama wima kama yuko gwaride. Alimwonyesha akisonga mbele, bunduki mikononi, singe imeelekezwa bandarini. Kwa mtu aliyewahi kuiona sanamu ya Wissmann, tofauti ilikuwa wazi: askari aliyekuwa chini akimtazama bwana sasa yuko juu, na juu yake hakuna mtu. Hilo lilikuwa jambo geni katika mji wa kikoloni.

Maandishi ya kwenye kitako yalitungwa na Rudyard Kipling, mshairi aliyekuwa mjumbe wa Tume na ambaye mwanawe aliuawa vitani Ufaransa mwaka 1915. Yamewekwa kwa Kiswahili na Kiingereza. Yanawataja askari wenyeji waliopigana, wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wengine wote waliokufa Afrika Mashariki. Yanamalizia kwa ahadi kwamba anayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Chini ya ahadi hiyo hakuna jina hata moja.

Mto kama mpaka wa majina

Dar es Salaam ina kumbukumbu nyingine ya vita hivyo. Kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Bagamoyo, yaliyoanzishwa mwaka 1968 baada ya makaburi 660 ya Ocean Road kuhamishwa kupisha barabara, kuna ukumbusho wa Waingereza na Wahindi wasiojulikana walipozikwa. Una majina zaidi ya 1,500. Walioandikwa humo ni waliokufa kuanzia Januari 1917, yaani tangu jeshi lilipoanza kusonga kuelekea Rufiji. Waliokufa kabla ya hapo wako kwenye ukumbusho wa Nairobi. Safari ya Rufiji ndiyo iliyogawa orodha hizo mbili, na mpagazi aliyekufa kwenye njia ileile, kwa homa ileile, hayumo katika orodha yoyote kati ya hizo.

Hali ni hiyohiyo ndani ya pori. Wageni wanaoingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere kwa lango la Mtemere, jirani na Mloka, hupelekwa Beho Beho kuliona kaburi la Selous. Ni kaburi la kawaida, lenye kibao cha shaba kinachotaja jina lake, kikosi chake na siku aliyouawa. Pori lote lilipewa jina lake mwaka 1922, na sehemu yake kubwa ya kaskazini ikawa Hifadhi ya Nyerere mwaka 2019. Waliobeba chakula na risasi za kikosi chake hawana kibao chochote.

Karne moja baadaye

Aprili 2021 Tume, ambayo sasa ni ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika Mashariki na Wamisri. Tume na serikali ya Uingereza ziliomba radhi. Tangu hapo nyaraka za kijeshi za kikoloni zilizohifadhiwa Kenya zimetoa majina ya zaidi ya Waafrika 3,000 waliokufa. Januari 2025, mjini Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua weusi wa jeshi wa Afrika Kusini: nguzo za mti wa mvule, zaidi ya 1,700, kila nguzo na jina la mtu mmoja.

Tanzania bado haina ukumbusho wa namna hiyo. Sanamu ya Askari itaendelea kuwa kazi nzuri ya mikono, lakini haiwezi kujibu swali la nani alikufa wapi. Jibu hilo litatoka kwenye orodha za mishahara na posho zilizosalia katika nyaraka, na kwenye koo za Rufiji, Kibiti, Kilwa na Morogoro ambazo bado zinamtaja babu aliyechukuliwa upagazi asirudi. Familia zenye majina hayo ziyaandike, pamoja na kijiji alikotoka kila mmoja, na Serikali idai yaingizwe kwenye rejista ya Tume. Wapagazi wana haki ya kupata kile ambacho Tume iliwapa wengine tangu mwanzo, nacho ni jina.