Maziwa Hayaoshi Mapafu

Kila kiangazi, mioto ya nyika ikianza kupanda vilima, mimi huulizwa na watu wa milima ya Matogoro, karibu na Songea, swali lile lile, nalo limekwisha kunichosha: mtu anywe maziwa kiasi gani ili moshi umtoke kifuani? Wengine, kwa kujiamini zaidi, husema kwamba wao wakaao juu, penye chemchemi za Mto Ruvuma, hawahitaji hata hayo maziwa, kwani hewa chafu ni balaa ya watu wa Dar es Salaam.

Hilo la pili nitalijibu kwa ufupi. Mchana, jua likiisha kupasha miteremko, hewa ya mabondeni hupanda mlima pamoja na kila kilichomo. Na pepo za kusi, zivumazo miezi hiyo kutoka upande wa Msumbiji, huleta moshi wa mioto iliyowashwa mbali kabisa na Songea. Si moshi tu: baadhi ya sumu za jamaa ya DDT, ile dawa ya wadudu, hugeuka mvuke penye joto na kutua penye baridi, hata watafiti waliopima theluji ya milima ya magharibi mwa Kanada, wakatangaza matokeo yao mwaka 1998, waliona sumu hizo zikizidi kadiri walivyopanda kutoka mita 770 hadi 3,100. Kimo peke yake si kinga.

Ama hayo maziwa, hupita umio yakaingia tumboni, ilhali moshi hupita koo la pumzi ukaishia mapafuni; na kila aliyepata kupaliwa anajua jinsi mwili unavyolifukuza tone moja tu lililopotea njia. Yakifika tumboni humeng'enywa kama chakula kingine, wala hayana njia ya kurudi mapafuni kufagia masizi.

“Mbona nilikunywa, na asubuhi nikatoa makohozi meusi?” Ungeyatoa hata kwa maji matupu. Tazama sahani nyeupe iliyolala nje usiku wa moto: zile punje nyeusi za majani yaliyoungua ndizo ambazo pua na ute wa koo huzinasa. Zenye madhara makubwa hazionekani kwa macho. Upana wake hauzidi mikromita 2.5, ilhali unywele ni kama 70, nazo hushuka hadi ndani kabisa ya mapafu, nyingine zikaingia damuni na kuudhuru moyo. Makohozi meusi ni dalili ya kilichozuiwa, si ya kilichoponywa. Wala dhana hii ya maziwa kuwa dawa si ya kuchekwa tu, maana kwa ajili yake wachomeleaji hupewa maziwa badala ya barakoa, na mtoto aliyekunywa mafuta ya taa hunyweshwa maziwa, akatapika, mafuta yakamwingia mapafuni.

Basi shikeni haya. Moshi ukizidi fungeni madirisha, ukipungua yafungueni. Barakoa ya N95 iliyobana uso hufaa. Kitambaa kibichi hakizuii chembe ndogo. Msipikie kuni chumbani. Mwenye pumu asiachane na dawa yake ya kuvuta, na anayebanwa pumzi aende hospitali. Mvua ya kwanza ioshe paa kabla ya kukinga maji. Msichome shamba bila kibali na watu wa kuuzima moto. Maziwa nayo yanyweni, kwa kuwa ni chakula.