Wimbo bila etiketi: tusahihishe majina ya CD zetu

Ndugu wachimbaji, nanyi mama na vijana mulioko nyumbani, hapa Nyangwe CD haijakufa. Simu zimeingia, ndiyo, lakini CD za kugrave bado ziko ndani ya masanduku yetu: nyimbo za matanga, maneno ya wazee, mikutano ya sendika, muziki wa zamani wa Katanga waliorudi nao baba zetu waliokwenda kutafuta kazi huko. Shida yake ni moja. Ukiitia ndani ya ordinateri, inasema uongo.

Sisi wa sendika tumekwisha kuona hasara yake. Tulikuwa na CD ya mkutano kati ya wachimbaji na PDG mmoja wa shimo, pale alipokubali kwa mdomo wake namna ya kugawanya mifuko. Mkutano ulikuwa umekatwa vipande vitano. Siku ya kuisikilizisha mbele ya wasuluhishi, ekrani ikaandika jina la mwimbaji wa Ulaya na nyimbo zake tano. Upande wa pili wakacheka: eti hii ni muziki, siyo ushahidi! Sauti ilikuwa ya PDG mwenyewe, lakini tulibishana saa nzima juu ya jina, mifuko ikingoja.

Uongo huo unatoka wapi? CD audio, ile Philips na Sony waliyoanza kuuza mwaka 1982, kwa kawaida haibebi jina hata moja. Inabeba sauti, hesabu ya vipande, na mahali kila kipande kinapoanza. Basi. Ukiwa Nyangwe bila rezo, ordinateri inaandika "Artiste inconnu", "Piste 1", "Piste 2". Hiyo angalau haidanganyi mtu. Ukifika Kasongo ukapata intaneti, mashine inapima urefu wa vipande, inauliza ghala la majina lililo mbali, na ghala linajibu: CD ya urefu kama huo ni ya fulani. Ghala moja la namna hiyo, CDDB, lilizaliwa Marekani miaka ya 1990, na majina yake yaliandikwa na watu tu waliokuwa na CD nyumbani. Mmoja akikosea, wote wanapokea kosa lake. Kwa CD ya dukani, mara nyingi linajibu sawasawa. Kwa CD tuliyograve wenyewe, ni kama kumtambua mtu kwa urefu wa suruali yake.

Wengine wanasema si neno, mradi sauti inasikika. Hatukubali. Mchimbaji anajua etiketi ni nini. Mfuko wa kasiteriti bila etiketi unakamatwa njiani, na mfuko wenye etiketi ya shimo lingine ni matata zaidi. Wimbo nao iko vilevile. SOCODA, shirika la haki za watunzi, haiwezi kumgawia "Artiste inconnu" hata franka moja.

Muangalie Mwenda Jean Bosco. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi kule Jadotville, Likasi ya leo, na gitaa lake la "Masanga" likasikika mbali kuliko Katanga. Kwenye CD moja utakuta Jean Bosco Mwenda, kwenye nyingine Mwenda wa Bayeke. Mashine inahesabu watu wawili, watatu. Kijana asiyemjua mzee huyo atafanyaje?

Sasa kazi yenyewe. Mujue kwanza kwamba kusahihisha jina kwenye ekrani, CD ikiwa ndani, kunabadilisha kumbukumbu ya ordinateri ile tu. CD ya kugrave mara moja haiandikwi tena. Ukiipeleka kwa jirani, uongo unarudi.

Kwa hiyo zima intaneti. Toa nyimbo kutoka CD kwa Windows Media Player, ukichagua MP3, kwa maana MP3 inabeba jina ndani yake. Halafu fungua kila moja kwa VLC, ingia "Outils", kisha "Informations sur le média". Futa yaliyo ya uongo, andika titre, artiste, album na date, bonyeza "Enregistrer les métadonnées". Groupe ikizimika kabla ya hapo, unaanza upya, na petroli munajua bei yake.

Mwishoni grave CD mpya ya MP3, si ya audio. CD audio inachukua dakika 80. Ya MP3 inaweza kufika saa 12, lakini radio iwe inasoma MP3. Kama yako haisomi, grave audio pamoja na CD-Text, inayotia majina ndani ya CD yenyewe, ingawa si kila mashine inaionyesha. Ukiona "é" imegeuka "Ã©", usilaumu macho: program mbili hazikuelewana juu ya herufi. Andika "e" tupu, yaishe.

Kwa mkutano, titre iwe na tarehe, shimo, na anayesema. Kwa nyimbo za matanga, andika mama anayeanzisha na kijiji cha wanaoitikia. Majina hayo hayo yaandikwe juu ya CD kwa feutre, siyo kwa biki, biki inakwaruza.