Mtoi wa Vanga Anataka Kuwa Mzamiaji wa Navy? Mambo 3 Mathe na Mzae Wafanye

Septemba 29, 2019, gari lilirudi nyuma likatumbukia kutoka kwa feri pale Likoni, mama na bintiye ndani. Wazamiaji, wakiwemo wa Kenya Navy, walilitafuta hadi Oktoba 11, wakalitoa kina cha mita 58 hivi. Hiyo ndiyo job mtoi wako anaitaka.

1. Msinunue nafasi. Kusajiliwa KDF ni bure. Msee akiitisha ganji ati "amwingize", huyo ni konmani. Msiuze ngalawa.

2. Asizuie pumzi akiwa solo. Ukihema fasta fasta kabla ya kuzama, hewa chafu mwilini inapungua, so ubongo haupati kengele ya kukuambia uibuke. Unazimia tu, hata kama ni fundi wa kuogelea. Lazima kuwe na mtu wa kumwangalia, kila siku.

3. Msimkatishe tamaa. Makurutu huanzia Eldoret, mbali na bahari, ndio waje Mtongwe. Akipiga simu amechoka, msikize kwanza. Usikimbilie "rudi nyumbani".

Na akikosa? Bahari ya Vanga bado inahitaji mwokoaji.