Kuumba Mhusika na Kuongoza Msafara Katika Mchezo wa Dadu na Masimulizi

Mwaka 1974, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, Marekani, vilitolewa vijitabu vitatu vya Gary Gygax na Dave Arneson, nakala 1,000 tu, kwa jina la Dungeons & Dragons. Ndani yake mlikuwa na kanuni za mchezo wa namna mpya. Watu kadhaa huketi mezani, kila mmoja akijitwalia nafsi ya mtu wa kubuni. Na mmoja wao, ambaye hapa tutamwita mwamuzi, huwaeleza ulimwengu wanamopita na kujibu kila watendalo. Asili yake ni michezo ya vita, ambamo majeshi ya sanamu ndogo hupiganishwa. Arneson alikuwa amekwisha kuianzisha nchi yake ya kubuni, Blackmoor, tangu mwaka 1971. Humo mchezaji aliacha kuamuru jeshi zima, akawa mtu mmoja.

Kwa kanuni zile za kwanza, dadu tatu hutupwa mara sita, na jumla ya kila mtupo huandikwa mbele ya sifa moja: nguvu, akili, hekima, siha, wepesi na haiba. Hesabu yake yafaa kutazamwa. Dadu tatu zaweza kuanguka kwa njia 216. Njia 104 katika hizo, yaani karibu nusu, huleta jumla ya 9 hadi 12, na njia moja tu huleta 18. Kwa hiyo wengi huzaliwa watu wa kawaida, kama tulivyo sisi. Baadaye ilizoeleka kutupa dadu nne na kuiacha iliyo ndogo kupita zote, ili mashujaa wapatikane kwa wepesi. Sioni kama kwa hayo mchezo uliongezewa utamu. Mhusika mwenye nguvu 15 na hekima 6 amekwisha kuwa na kisa kabla hajatoka nyumbani: atauvunja mlango kwa bega kabla ya kuuliza ni nani aliye nyuma yake. Aliye bora katika yote hana la kuwaomba wenzake.

Wahusika hao huendelea mkutano hata mkutano, pengine kwa miaka. Wenyewe huuita mfululizo huo kwa neno la kivita, lile lile lililotupatia "kampeni" ya uchaguzi. Kwa Kiswahili naona "msafara" lafaa zaidi, maana watu hupungua na kuongezeka njiani, na kiongozi si mwenye mizigo yote.

Hapa ndipo penye mashaka. Msomaji aweza kumfananisha mwamuzi na mtambaji wa ngano. Lakini mtambaji aujua mwisho, na mwamuzi hapaswi kuujua. Kazi yake ni kuweka tayari mahali na watu wenye haja zao: mto, daraja bovu, mtoza ushuru mwenye deni la siri. Wachezaji wakimhonga, wakimpiga, au wakirudi walikotoka, hayo ni yao. Mwamuzi aliyekwisha kuuandika mwisho huzifunga njia zote isipokuwa moja, humfufua adui aliyeuawa mapema, na huzitupa dadu mafichoni apate kuzisema atakavyo. Wachezaji hawakawii kung'amua, na tangu hapo huwa wasikilizaji tu.

Mhusika akifa kwa dadu iliyotupwa mbele ya macho ya wote, wenzake humzika, mwenye kumcheza huchukua karatasi tupu, na dadu tatu hutupwa tena.